Msizibe Dirisha la Paa

Kila masika yaingiapo, na mvua zikaanza kupiga juu ya mabati na juu ya magari bila ya kubagua, husikika katika gereji za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi shtaka moja lenye wenyewe wengi, nalo ni kwamba gari linavuja. Mwenye gari amefungua mlango asubuhi akakuta kapeti limelowa chapachapa, dari imefanya doa la rangi ya chai penye pembe iliyo karibu na kioo cha mbele, na uvundo umetanda ndani hata hauvumiliki ila kwa kuteremsha vioo. Akitazama juu akaona kuwa gari lake lina dirisha la paa, lile ambalo vijana na madalali huliita sanrufu, huwa amekwisha kumpata mtuhumiwa wake, wala hukumu haichelewi: kioo hicho hakifungi sawasawa, basi na kizibwe. Fundi huleta gundi ya silikoni akaipaka kuzunguka kioo pande zote nne, akapokea ujira wake, na gari likaondoka likiwa limepewa dawa ya maradhi ambayo halikuwa nayo. Ni mintarafu ya dawa hiyo nataka kusema leo, kwa kuwa naiona ni upungufu wa fahamu kabla ya kuwa kosa la mkono, na kwa kuwa hasara itokayo humo ni kubwa kuliko wengi wadhaniavyo.

Lililo geni masikioni mwa wenye magari wengi ni kwamba dirisha la paa halikuundwa ili lizuie maji yote. Mpira unaozunguka kioo chake huzuia sehemu kubwa ya mvua, upepo na vumbi. Lakini waliolibuni walijua tangu awali kuwa kitu kinachofunguka na kufungika kila siku hakiwezi kushikamana na bati daima dawamu, na kwamba maji kidogo yatapenya tu, watake wasitake. Kwa hiyo wakaweka chini ya kioo, kuzunguka nafasi yote ya dirisha, mfereji mwembamba wa kuyapokea maji hayo, na katika pembe za mfereji huo wakatoboa matundu, aghalabu manne, kila tundu likaungwa na mpira unaoteremka kwa siri ndani ya mwili wa gari. Mipira miwili ya mbele hupita ndani ya nguzo zinazoshika kioo cha mbele, ikatokeza chini karibu na bawaba za mlango au nyuma ya madigadi. Miwili ya nyuma hupita katika nguzo za nyuma, ikamwaga maji yake nyuma ya bampa au karibu na tairi. Njia zenyewe hutofautiana baina ya kiwanda na kiwanda, na wakati mwingine baina ya gari na ndugu yake lililotoka kiwanda kile kile miaka michache baadaye, ila kanuni ni moja.

Wala kanuni hii si ngeni kwetu watu wa pwani. Waashi waliojenga nyumba za mawe za Lamu na Unguja kwa paa bapa waliijua kabla gari halijawazwa na mtu yeyote duniani: hawakudai kuwa paa lisiguswe na maji, bali waliyapa maji njia, wakaitokeza nje ya ukuta ili yaanguke mbali na chokaa. Lau angepita mtu akaziba matundu yale kwa udongo, kisha akalalamika kuwa nyumba yake inavuja, majirani wasingemwitia fundi, wangemwonea huruma. Lakini jambo lilo hilo likitendwa juu ya gari la thamani ya mamilioni, tunaliita matengenezo.

Tundu la mfereji wa dirisha halizidi upana wa kidole cha mwisho, na mara nyingi ni jembamba kuliko hapo, basi halihitaji uchafu mwingi ili lizibe. Madereva wetu huegesha magari chini ya miti, nami siwalaumu hata kidogo, maana jua la mchana wa Februari katika mji wa pwani si la kufanyiwa mzaha, na kivuli ni neema. Hata hivyo yafaa mtu ajue ameegesha chini ya mti gani. Vijani vya mwarobaini hukauka vikavunjikavunjika. Vile vya mkrismasi ni vidogo mno hata upepo mdogo huvipitisha chini ya kioo. Na sindano za mvinje, hasa kwa wale wakaao karibu na ufuo, huingia tunduni moja moja kwa wima, zikapangana humo kana kwamba zimepimwa. Nairobi wana mijakaranda, ambayo maua yake huanguka kwa wingi wakati ule ule mvua za vuli zinapokaribia, na uzuri wake umewaghuri wengi. Mkungu, ambao watu huulaumu kwa ukubwa wa majani yake, hauna dhambi nyingi katika jambo hili: jani lake ni pana mno, haliwezi kupenya popote.

Kwa wale wasioegesha chini ya mti wowote lipo vumbi. Kiangazi chote vumbi la barabara za udongo hujikusanya mferejini, umande na maji ya kuoshea gari yakalifanya tope, tope likakauka, likaja vumbi jingine juu yake. Na kwa kuwa hakuna mvua, hakuna anayejua. Fauka ya hayo, mipira mingi hutiwa kwa chini ncha laini yenye mpasuko mwembamba, iliyokusudiwa iruhusu maji yatoke na kuzuia wadudu wasipande. Ncha hiyo, iliyowekwa kwa hekima, ndiyo aghalabu inayoshika tope kuliko mahali pengine pote. Tena yapasa tukumbuke umri wa magari tunayoyanunua. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na hilo maana yake ni kwamba gari linaloitwa jipya pale linapoteremka bandarini Mombasa laweza kuwa limekwisha kuishi miaka 7 Japani, chini ya miti ya watu wengine na mvua za watu wengine, na mipira yake imekwisha kukauka na kukakamaa. Anayelinunua hununua pamoja nalo uchafu wa miaka yote hiyo.

Maji yakikosa njia hujaa mferejini, kisha hufurika upande wa ndani. Hapo ndipo huanza safari ambayo imewatia wengi katika bahati nasibu ya ukaguzi, kwa sababu mahali maji yanapoonekana sipo yalipoingilia. Hutambaa juu ya dari, yakateremka nyuma ya jalada la nguzo, yakapita chini ya kapeti hadi penye bonde la sakafu, na huko yakanywewa na sponji iliyotandikwa chini ya kapeti kwa ajili ya kupunguza kelele. Sponji hiyo hushika maji majuma mengi ilhali kapeti la juu limekauka na mwenye gari amekwisha kusahau. Gari likiegeshwa mtelemkoni limeinamisha pua, maji yote hukimbilia matundu ya mbele. Likiegeshwa limeinua pua, huenda nyuma, yakajaza shimo la tairi la akiba ambalo hakuna anayelifunua ila siku ya pancha. Ndiyo sababu mtu huapa kuwa gari lake huvuja nyumbani lakini halivuji kazini, na fundi akadhani anafanyiwa masihara. Kumbe mtu huyo asema kweli tupu, na tofauti ni ya ardhi.

Magari ya zamani yangalistahimili hayo kwa kutu ya sakafu na uvundo tu. Magari ya leo yana mishipa ya umeme chini ya kila kitu. Visanduku vya kompyuta huwekwa chini ya kapeti au penye ubavu wa miguu. Viunganishi vya mito ya hewa, aghalabu vya rangi ya njano, hulala chini ya viti. Na fyuzi hukaa pale pale ambapo maji ya nguzo ya mbele hushukia. Likilowa hili, milango hujifunga na kujifungua yenyewe; likilowa lile, taa ya onyo ya mto wa hewa huwaka isizimike, au betri ikafa usiku bila sababu. Mwenye gari humwendea fundi umeme, na fundi umeme, ambaye hakuulizwa habari ya maji, hubadili kifaa. Kifaa kipya hukaa mahali pale pale penye unyevu, kikangoja mvua ijayo. Nathubutu kusema kuwa sehemu isiyo ndogo ya fedha zinazolipwa kwa hitilafu za umeme wakati wa masika hulipwa kwa ajili ya majani makavu.

Insafu yanitaka niongeze kwamba si kila maji ndani ya gari ni ya dirisha la paa. Maji yakionekana hata kiangazi, yakiwa safi na baridi, baada ya safari ambayo kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi, basi lililoziba ni bomba la kutolea maji ya kiyoyozi, nalo lina njia yake mbali. Wakati mwingine nailoni iliyobandikwa ndani ya mlango imechanika, au kioo cha mbele kilibadilishwa na mtu mwenye haraka, au mfereji ulio chini ya waipa umejaa majani. Kwa hiyo mtu asihukumu kabla ya kupima, na kupima kwenyewe ni rahisi hata kunatia haya kukueleza.

Dirisha lifunguliwe kabisa, mfereji ufutwe kwa kitambaa kibichi mpaka uonekane rangi yake, na matundu ya pembeni yatafutwe kwa tochi. Kisha mtu amimine kikombe kimoja cha maji, polepole, karibu na tundu moja, na mwenzake ainame nje kutazama yanatokea wapi. Maji yakishuka mara moja na kuonekana chini, njia ni nzima, na aendelee na tundu la pili. Yakisimama, au yakashuka kwa kusuasua, au yakatoweka tunduni yasionekane nje, hapo pana jambo. Na hili la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa huonyesha kuwa mpira umechomoka au umetoboka ndani ya nguzo, na maji yanamwagika asikojua mtu.

Njia iliyoziba huzibuliwa kwa uzi mnene wa nailoni, kama ule wa mashine ya kukatia majani au mshipi wa kuvulia samaki wakubwa, ulioviringwa ncha yake isiwe kali, ukasukumwa kwa upole, ukazungushwa, ukavutwa, ukasukumwa tena, kutoka juu na vile vile kutoka chini. Waya wa chuma usitumike, ingawa ndio unaopatikana kila gereji, kwa kuwa mpira uliokauka hutobolewa nao bila ya mkono kuhisi kitu. Ama kuhusu upepo wa kompresa, nao ndio unaopendwa na vijana wa gereji kwa sababu ya kelele yake na haraka yake, nausia usitumiwe kwa nguvu ile ile ijazayo matairi. Mpira umeshikizwa juu kwa kusukumizwa tu penye shingo ya mfereji, na upepo mkali ukikutana na kizibo huuchomoa. Basi kazi ya saa moja hugeuka kuwa kazi ya kuteremsha dari nzima, na katika magari mengi pembeni mwa dari hiyo kuna mto wa hewa uliokunjwa, ambao si wa kuchezewa na kila mwenye bisibisi. Pampu ya mkono yatosha, au mashine ya kufyonza vumbi ikitiwa kwa chini. Baada ya hapo ipitishwe maji vuguvugu yenye sabuni kidogo, si petroli wala asidi, maana hizo huula mpira. Ncha za chini ziminywe kwa vidole mpaka tope litoke, kisha kikombe kirudiwe katika pembe zote.

Kazi haijaisha mpaka sakafu ikauke. Kapeti liinuliwe, sponji itolewe ikiwezekana na ianikwe juani, na kabla ya kugusa viunganishi vya chini ya viti betri iondolewe waya wake. Mafundi wengi huacha sehemu hii kwa sababu ni ya kuchosha na haina heshima, na wateja huiacha kwa sababu wanalihitaji gari jioni. Sponji iliyoachwa na maji huendelea kutoa uvundo na kula chuma hata kama mvua hainyeshi tena mwaka mzima, na mwenye gari akarudi kulalamika kuwa hakutengenezewa kitu.

Sasa ilinganishwe silikoni na haya. Ikipakwa pembeni mwa kioo, huzuia kioo kupanda na kushuka kama kilivyoundwa. Siku mtoto atakapobonyeza kitufe, mota huvutana na gundi, na moja ya mawili hutokea: gundi hupasuka, maji yakaingia kama kwanza, au reli na mota huumia, na bei ya vitu hivyo si ya kusema mbele ya watu wazima. Vipande vya gundi iliyopasuka huanguka mferejini vikaongeza kile kile kilichokuwa kimeziba. Hata ikishika bila ya kupasuka, jua letu hulipanua bati mchana na usiku likasinyaa, na gundi iliyopakwa juu ya vumbi, bila ya kusafishwa mahali pake, hubanduka ukingoni pole pole. Maji hayahitaji zaidi ya hapo. Yakishapita, yakakuta mfereji umejaa, hufurika vile vile, ila sasa mwenye gari ana yakini kuwa hayawezi kuwa ni ya dirisha, kwa kuwa dirisha alikwisha kuliziba kwa fedha yake.

Asidhani mtu kuwa ujinga huu ni wa Afrika. Nchini Marekani wenye magari ya Volkswagen na Audi waliwashtaki watengenezaji katika mahakama ya shirikisho ya New Jersey, wakidai kuwa madirisha ya paa ya baadhi ya magari hayo yalibuniwa kwa kasoro, hata yakizibwa na takataka za mimea na chavua huingiza maji ndani. Shauri lile likafikia suluhu. Na mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tatu ikatengua idhini ya suluhu hiyo, si kwa sababu ya maji wala majani, bali kwa kuwa iliona wawakilishi wa walalamikaji hawakuweza kuwasimamia kwa haki wote waliotajwa kuwa pamoja nao. Mimi silitaji ili kuwalaumu watengenezaji hao peke yao. Nalitaja kwa kuwa linaonyesha jinsi majani yaliyooza katika tundu la upana wa kidole yalivyoweza kuwapandisha mawakili wa kampuni kubwa mbele ya majaji, katika nchi ambako kila gari huuzwa na kitabu chake. Sisi, ambao magari yetu huja na kitabu cha Kijapani kama yakija nacho, tungetazamiwa tuwe waangalifu zaidi.

Wengi wakisoma hadi hapa watawalaumu mafundi. Sioni kuwa ni haki. Fundi wa gereji hufanya lile analoagizwa, na mteja wetu huagiza kwa jicho: alipe kitu anachokiona. Silikoni nyeusi inayong'aa kuzunguka kioo huonekana. Mfereji uliozibuliwa hauonekani. Fundi akisema amemimina vikombe vinne vya maji na kupitisha uzi, kisha akataja ujira wake, mteja hudhani anaibiwa. Basi fundi mwerevu hujifunza kuuza kinachoonekana, na yule mwaminifu hushindwa bei na mwenzake. Desturi hii itageuka pale tu sisi tunaolipa tutakapoanza kuuliza, wakati wa sevisi iliyo kabla ya masika na ile iliyo kabla ya vuli, kama mifereji ya paa imepimwa, na tukakubali kuwa swali hilo lina thamani ya fedha.

Wauzaji wa magari nao wana sehemu yao. Dirisha la paa hutajwa katika kila tangazo kama pambo la kupandisha bei, lakini ni wauzaji wangapi watakaokubali mnunuzi amimine kikombe cha maji pembeni mwake kabla ya kutoa fedha? Mnunuzi anayekataliwa kikombe amekwisha kujibiwa. Na yule anayeona haya kuomba, avute mkanda wa kiti mpaka mwisho atazame kama una alama ya maji, anuse kapeti akiwa amefunga milango, apeleke mkono chini yake penye miguu ya abiria, kisha afunue tairi la akiba. Harufu ya manukato makali ndani ya gari lililotumika yafaa itiliwe shaka kuliko kupendwa.

Wako watakaosema kuwa dirisha la paa ni anasa isiyofaa nchi za jua na vumbi, na kwamba heri lizibwe milele pamoja na mifereji yake, mtu apumzike. Kwa anayechagua gari bado, rai hiyo ina mantiki, nami singemshawishi kinyume. Kwa aliyekwisha kulinunua haimfai, kwa sababu mfereji na mipira yake vitabaki ndani ya paa, na gundi, nimekwisha kusema, haikai. Ikiwa mpira wa kioo umechanika kweli, au kioo kimepasuka, ubadilishwe mpira au kioo kwa kilicho sawa nacho. Na yule ambaye gari lake limekwisha kupakwa silikoni na asome haya akiwa bado katika kiangazi: aibandue kwa kipande cha plastiki kisichokwaruza rangi, taratibu, kabla ya kugusa kitufe cha kufungulia, aokote kila kipande kinachoangukia mferejini, kisha aanze kumimina kikombe chake katika pembe mbili za mbele, ambazo chini yake kuna fyuzi.